Bwana Gajda, Simama

Mpaka saa nne asubuhi hakuna mtu aliyekuwa amegusa keki za Klara Wnuk.

Alizipanga mwenyewe kwenye meza ndefu ya chumba cha kupakia, moja ya jibini na moja ya plamu, akazikata vipande, akaweka sahani na uma, akachemsha kahawa ya kuwatosha watu wote wa karakana. Ilikuwa siku ya jina lake, sikukuu ya mtakatifu aliyeitwa kwa jina lake, ambayo kwao husherehekewa kama siku ya kuzaliwa. Mwaka jana siku kama hii, alipokuwa bado mchoraji wa mapambo kama wachoraji wengine, watu walimzunguka wakamwimbia mpaka akaficha uso kwenye aproni. Leo walipita mlangoni na trei zao za mapambo, wakasema, "Heri ya jina, Meneja," wakaenda zao. Mmoja alisema ana kisukari. Mwingine alisema atarudi baadaye, na Klara alijua harudi.

Sababu pia aliijua. Ukali wangemsamehe. Bosi mkali walishamzoea, maana Mzee Ostrowicz, mwenye karakana, aliwahi kumrushia dereva kiatu na wote wakacheka. Lakini lile alilomfanyia Radek jana mbele ya watu lilikuwa limewakaa kooni.

Agosti ni mwezi mbaya kwa wanaotengeneza mapambo ya Krismasi. Nje jua linachoma, ndani vichomeo vya gesi vinanguruma kutwa, na wapulizaji wamekaa mbele ya moto wakigeuza mirija ya kioo mpaka ilainike, kisha wanaipuliza ijae na kuwa matufe. Madirisha hayafunguliwi. Hilo hata mfagizi analijua, kwamba upepo ukipiga kioo chenye moto, kioo kinapasuka. Jana Radek Gajda, kiongozi wa chumba cha wapulizaji, alifungua dirisha kidogo apate hewa, akasahau kulifunga. Trei nzima ya matufe makubwa ya oda ya Vienna ikalia pa, pa, pa, mpaka likaisha tufe la mwisho.

Klara aliyasikia akiwa ofisini juu. Alishuka ngazi, akasimama katikati ya chumba, akasema kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua, "Bwana Gajda, simama."

Radek alimtazama, halafu akageuka nyuma, kana kwamba anatafuta kama yuko Gajda mwingine chumbani.

"Simama, Bwana Gajda. Kuanzia sasa wewe si kiongozi hapa. Norbert atachukua nafasi yako. Rudi kwenye kiti chako upulize."

Chumba kizima kilishtuka, na si kwa ajili ya cheo. Kilichowashtua ni hilo neno "Bwana". Krismasi ya mwaka juzi, kwenye sherehe ya wafanyakazi, Klara na Radek walikunywa undugu mbele ya macho ya watu hao hao. Walipishanisha mikono, kila mmoja akanywa glasi yake, wakabusiana mashavuni, wakatajiana majina yao ya kwanza. Ukishakunywa hivyo na mtu, "bwana" na "bi" zimekufa kati yenu. Watu hugombana, hupigana, hupelekana mahakamani, na bado huitana kwa jina. Kumrudishia mtu "bwana" ni kumwambia kwamba hujawahi kumjua.

Na Klara alimjua Radek kuliko mtu yeyote duniani. Alilijua hata lile kovu dogo la moto chini ya mdomo wake, kwa sababu alishalibusu mara nyingi mno. Karakana ilihisi tu, haikuwa na hakika. Walikutana mbali na mji, walirudi kila mmoja kwa basi lake, na tangu masika, Klara alipopewa umeneja, walikuwa waangalifu hata katika kutazamana.

Mtu pekee aliyefurahia habari za jana alikuwa mama yake. Asubuhi, akiifunga keki ya jibini kwenye kitambaa, mama alikuwa karibu kuimba.

"Umefanya la maana, mwanangu. Mwanaume aliyeachana na mkewe hawezi kukusimamisha mbele ya padri. Utazeeka naye mlangoni mwa kanisa?"

"Sikumvua cheo kwa sababu hiyo, mama."

"Sababu yoyote ile. Mradi umefanya."

Maneno hayo yalimkaa Klara moyoni njia nzima. Hakupenda kuona kwamba kitu alichokiita haki kimemfurahisha mtu aliyekuwa hamtaki Radek tangu zamani.

Sasa alikuwa amesimama peke yake mbele ya meza, akihamisha sahani bila sababu, aliposikia hatua alizozijua. Radek aliingia. Alikuwa amevua aproni, amenawa uso, na mkononi ameshika maua ya dalia yaliyokolea wekundu. Wachoraji wawili waliokuwa wakifunga katoni kwenye kona walitazamana, wakakumbuka ghafla kwamba wana kazi kwingine.

"Bi Meneja," alisema Radek, akainamisha kichwa. "Nakutakia afya njema, furaha, na mafanikio katika kazi yako."

"Radek, usifanye hivyo."

"Nifanyeje? Wewe ndiye umerudisha ubwana na ubibi. Mimi nafuata maagizo ya ofisi tu."

Klara aliyapokea maua. Vidole vyao viligusana, na wote wawili wakavitoa upesi. Alitamani amshike mkono palepale, na alijichukia kwa kutamani hivyo huku mlango uko wazi.

"Kula keki basi," alisema.

"Kapika nani?"

"Ya jibini kapika mama."

"Hiyo ina sumu. Nikatie ya plamu."

Klara alicheka bila kutaka. Radek hakucheka. Aliipokea sahani, akaiangalia, akairudisha mezani bila kuonja.

"Jumatatu naanza kazi kwingine," alisema. "Kwa Wacheki, ng'ambo ya mpaka. Wana karakana kubwa, wanatafuta mpulizaji wa matufe makubwa. Nilimpigia bosi wao jana jioni, tumekubaliana."

Klara aliutazama mlango uliokuwa wazi. Alimshika mkono wa shati, akamvutia kwenye chumba cha pili, kile cha kutilia matufe rangi ya fedha kwa ndani, akasukuma mlango. Chupa za dawa zilikuwa zimepangwa ukutani na harufu yake ilikuwa kali, lakini hapakuwa na mtu.

"Unaondoka kwa sababu ya cheo?"

"Cheo kitu gani? Kile cheo kazi yake ni kuwapigia watu kelele wavae miwani. Norbert akichukue, akalale nacho."

"Ulifungua dirisha, Radek."

"Nilifungua."

"Na unajua halifunguliwi."

"Najua kuliko wewe. Joto lilinishinda, nikafungua, nikasahau. Kosa ni langu. Kuna mtu amekwambia nimebisha?"

"Sasa unataka nini? Nikuache kwa sababu ni wewe? Unajua wangesemaje? Wangesema meneja ana wake, wengine wafe na joto."

"Mwezi wa sita Norbert alivunja nini?"

Klara aligeukia chupa za ukutani.

"Nakuuliza. Alisukuma toroli huku anasoma simu, likashuka nalo ngazi zote. Zilivunjika trei ngapi? Nyingi kuliko yangu. Ulimwita ofisini, ukafunga mlango, ukamchemshia chai. Alitoka humo macho mekundu, akaniambia, yule mwanamke amenisema mpaka nimetamani ardhi inimeze, lakini hakuniaibisha. Na cheo hukumpunguzia wala hukumwongezea."

"Norbert ni tofauti."

"Kwa nini?"

Klara alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo, lilikuwa limesimama kwenye ulimi, na kwa mara ya kwanza aliliona jinsi lilivyo baya.

"Sema. Kwa nini?"

"Kwa sababu hakuna anayesema nina lolote na Norbert."

"Basi umejijibu." Radek aliegemea ukuta. Hakupandisha sauti, na hilo lilimuumiza Klara zaidi. "Tangu masika zamu mbaya zote ni zangu. Nikasema sawa, anataka kuonekana hana upendeleo. Likizo yangu ya Pasaka ukaikata, ukampa mwingine. Nikasema sawa, ndiyo kwanza ameanza kazi, ana presha. Mtu mwingine akikosea unamtafutia sababu, Klara. Mimi nikikosea unatafuta mashahidi."

"Unadhani ni rahisi? Nusu ya watu wa hapa walinijua nikiwa mfuta meza. Wananingoja niteleze."

"Nalijua hilo. Ndiyo maana nilinyamaza miezi yote hii. Lakini jana uliponisimamisha hukuwa unanitazama mimi. Ulikuwa unawatazama wao, unasubiri waseme umefanya vizuri. Na waliposhtuka, nilikuona umeogopa. Ila hukuacha."

Klara alitaka kumwambia kwamba hakulala. Alitaka kumwambia kwamba aliandika ujumbe kwenye simu akaufuta, akaandika, akaufuta. Lakini aliyemtazama alikuwa mtu aliyechoka, na maneno ya aina hiyo yangekuwa ya kujitetea tu.

"Usiende," alisema.

"Hiyo ni amri ya meneja au ni nini?"

Radek alimtazama, macho yake yakashuka mpaka mdomoni mwa Klara, yakapanda tena. Halafu akaushika mlango.

"Heri ya jina, Bi Meneja."

Klara alibaki na maua mkononi. Alilia, na alilia vibaya, ameuma aproni asisikike. Alimpenda mtu yule. Alipenda anavyokunja paji la uso akipuliza, anavyomwekea kipande cha mwisho cha soseji bila kusema, anavyomtania mbele ya wengine mpaka akose la kujibu. Alikuwa karibu kumpoteza, na hapakuwa na mtu wa kumsingizia.

Mlango ulifunguliwa. Danuta, mchoraji aliyekuwa amekaa naye meza moja kwa miaka, aliingia akila keki ya plamu.

"Angalau mtu mmoja anakula," Klara alisema, akijifuta pua.

"Mwenzangu, mimi nina njaa. Ugomvi wenu haunihusu."

"Umesikia?"

"Mlango huu ni karatasi. Hata chupa zimesikia."

Klara alijikaza, akasimama wima. "Namrudishia Radek cheo chake. Sasa hivi. Naenda kutangaza."

Danuta aliacha kutafuna. "Kwa nini?"

"Kwa sababu nilikosea."

"Umejua saa ngapi kwamba umekosea? Kabla hajakwambia anaondoka, au baada?"

"Danuta, hii si kazi yako."

"Ni yangu. Norbert ni mume wa dada yangu, na dada yangu jana alishapiga simu ukoo mzima. Mama mkwe amechinja bata. Sasa jana ulimpandisha kwa hasira, leo unataka kumshusha kwa machozi, na mimi ndiye nitakayesikilizishwa mpaka Krismasi. Norbert kafanya nini? Kaomba?"

"Hakuomba."

"Basi fikiria na watu wengine." Danuta alilamba kidole, akatoka, akarudisha kichwa tu mlangoni. "Ile ya jibini ni nzuri pia?"

Danuta hakuwa akimfundisha mtu kitu. Alikuwa akimtetea dada yake, basi. Lakini swali lake lilibaki chumbani baada ya yeye kuondoka. Kabla, au baada? Klara alilijibu kwa ukweli, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumsikia. Baada. Jana aliamua kwa kuogopa midomo ya watu. Leo alikuwa anataka kuamua kwa kuogopa kuachwa. Mara zote mbili aliyeamua ni hofu, na meneja hakuwepo.

Akajaribu jambo jingine. Kichwani akamtoa Radek kwenye lile kosa, akamweka Danuta. Danuta kafungua dirisha, trei ya Vienna imepasuka, ningefanya nini? Jibu lilikuja bila kusukumwa. Ningemwita ofisini, ningefunga mlango, ningemsema sana, ningempa onyo, na kesho yake angeendelea na kazi yake. Akamweka Norbert. Jibu lile lile. Akamweka yule mwenye kisukari cha uongo. Lile lile. Akamrudisha Radek, na papo hapo akaanza kuwaza nani atasema nini, na jibu likapotea. Kwa watu wote mizani yake ilisimama sawa. Kwa Radek tu ilikuwa inayumba, mara huku, mara huku. Aliona kwamba hata akijitahidi namna gani, haitatulia.

Alinawa uso, akashuka kwenye chumba cha wapulizaji.

"Zimeni vichomeo," alisema. "Dakika chache tu."

Walizima mmoja mmoja. Ngurumo ikafa, na masikio ya kila mtu yakabaki yanavuma. Baadhi ya wachoraji walikuja wakasimama mlangoni, Danuta mbele yao. Radek alikuwa kwenye kiti chake cha mwisho, karibu na dirisha lililofungwa, mrija wa kioo mkononi. Hakuinua kichwa.

Klara aliweka mikono nyuma.

"Jana nilimvua Radek uongozi nikiwa nimesimama hapa. Kwa hiyo na haya nayasemea hapa. Dirisha alilifungua yeye. Kosa ni lake, siwezi kusema halikuwepo. Lakini mwezi wa sita trei za Norbert zilivunjika kwenye ngazi."

"Bosi, hiyo si tulisema imeisha?" Norbert alisema, na wawili watatu wakacheka.

"Imeisha, Norbert. Nakutaja kwa sababu wewe nilikutendea sawa. Nilikuita pembeni, nikakusema, tukamaliza. Radek nilimsimamisha kama mwizi. Kosa ni la aina moja, adhabu nikatoa mbili. Na sababu haikuwa dirisha."

Alijua akiendelea hakuna kurudi nyuma. Kabla ya chakula cha mchana mji mzima utakuwa unajua, na mama yake atakuwa wa kwanza. Akapiga moyo konde.

"Sababu ni kwamba mimi na Radek tunapendana. Ni tangu mwaka juzi. Niliogopa mtasema nampendelea, basi nikawa namwonea ili mnione nina haki. Zamu mbaya nilimpa yeye. Likizo yake niliikata. Nilikuwa najisifu moyoni kwamba sipendelei mtu."

Danuta, aliyeshasikia yote kupitia mlango, bado aliweka mkono mdomoni.

"Kwake macho yangu hayako sawa. Hayakuwa sawa jana, na leo pia hayako sawa, maana leo nilitaka kumrudishia kila kitu kwa sababu tu nimesikia anaondoka. Kwa hiyo mimi simwamulii tena. Mzee Ostrowicz anarudi wiki ijayo kutoka sanatoria, huko anakotibiwa na kupumzika. Nitamweleza yote kama nilivyowaeleza nyinyi. Uongozi wa chumba hiki ataamua yeye. Mpaka hapo Norbert anaendelea, kwa sababu Norbert hana kosa. Na jambo lolote la Radek, zamu, likizo, onyo, litakwenda kwa mzee."

"Na mzee akikutoa wewe?" aliuliza Norbert. Safari hii hakuwa anatania.

"Atakuwa ameamua."

Norbert alitikisa kichwa polepole, akaangalia chini.

"Kuna moja limebaki," Klara alisema. Aligeuka, akamtazama Radek moja kwa moja, mbele ya wote, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu masika. "Radek. Jana nilikuita bwana. Nilijua ninachofanya, na nilikifanya. Nisamehe."

Radek aliugeuza ule mrija vidoleni. Uso ulikuwa umemwiva.

"Nimesikia," alisema.

Norbert ndiye aliyewasha kichomeo cha kwanza, kwa sababu mtu alipaswa kufanya kitu, na ngurumo ikarudi ikawaokoa wote. Mchana watu walianza kuingia chumba cha kupakia mmoja mmoja. Walikula wakiwa wamesimama, bila wimbo, wakizungumzia bei ya mkaa. Hawakumkumbatia wala hawakumkwepa. Mchoraji mmoja mzee alimwambia Klara kwamba amefanya jambo la kijinga sana, kisha akaomba kipande kingine.

Simu ililia kabla hata kahawa haijaisha.

"Ni kweli?" mama aliuliza.

"Ni kweli, mama."

"Umewaambia wafunga katoni kabla ya kuniambia mimi?"

"Ulikuwa unajua, mama."

"Kujua ni kitu kingine, kuambiwa ni kitu kingine. Sasa nitapitaje kwa jirani? Umejivua nguo mbele ya watu kwa ajili ya mume wa mtu."

"Si mume wa mtu. Wameachana miaka mingi."

"Mbele ya nani wameachana? Mbele ya hakimu. Mbele ya altare bado." Mama alivuta pumzi, na Klara akasikia kwamba amelia. "Rudi nyumbani mapema. Na usije naye."

Zamu ilipoisha, Klara alimkuta Radek uani, ameinama anafungua kufuli la baiskeli. Wengine walipita wakiaga kwa sauti kubwa kuliko kawaida, wakajifanya hawaoni. Klara alisubiri mpaka wa mwisho akatoka geti.

"Bado naondoka," Radek alisema, bila kugeuka.

"Baada ya yote niliyosema?"

"Kwa sababu ya uliyosema." Alisimama, akafuta mikono kwenye suruali. "Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia vile. Nimekaa pale najifanya naangalia kioo, sioni hata kioo chenyewe. Lakini fikiria kesho. Ukinisalimia, watu wataipima salamu. Mzee ataamua cheo, sawa. Na nikichelewa kazini, apigiwe simu? Nikigombana na Norbert, apigiwe? Nikibaki hapa nitakuwa mtu wako wa kazi siku zote. Nikienda kule, nitakuwa wako tu."

Klara alipokuwa akitafuta la kusema, alijisikia akiwaza oda ya Vienna, na kwamba hakuna mwingine anayeweza kupuliza matufe ya ukubwa ule, na kwamba Krismasi inakaribia. Akaona aibu, halafu akaona hakuna haja ya aibu. Hiyo nayo ilikuwa kazi yake.

"Ila kuna shida," Radek aliendelea. "Kwa sheria natakiwa kukaa mwezi mzima baada ya kutoa notisi. Siwezi kwenda Jumatatu mpaka karakana iniachie. Wa kusaini ni meneja." Alimtazama. "Nisainie, Klara."

Ingekuwa rahisi sana kusema ndiyo. Angeonekana mwenye moyo mkubwa, na Radek angemkumbatia palepale.

"Hapana," alisema.

Radek alikunja uso. "Hapana?"

"Nimesema mbele ya watu kwamba mambo yako yote ni ya mzee. Sijasema isipokuwa hili. Jioni nitampigia sanatoria, nitakupa simu uongee naye mwenyewe."

"Na akikuuliza wewe unaonaje?"

"Nitamwambia kwamba ukiondoka oda ya Vienna itachelewa, na kwamba karakana haina mpulizaji kama wewe. Halafu nitamwambia asinisikilize, kwa sababu kwa mtu huyu siaminiki."

Taratibu ule uchovu wa asubuhi ukamtoka Radek usoni. Akacheka. Alicheka mpaka akaegemea baiskeli, na Klara naye akacheka, huku machozi yanamtoka tena.

"Jana ungesaini," Radek alisema.

"Jana ningekunyima ili watu waone."

Alimsogelea. Hakukuwa na mtu uani, lakini madirisha ya nyumba za jirani yalikuwa wazi, na mwanamke mmoja wa ghorofani alikuwa anaanika shuka polepole mno. Klara alimwona, akamwacha aone. Alikiweka kiganja chake kwenye shavu la Radek, na Radek akafumba macho.

"Sasa twende wapi?" Radek aliuliza. "Basi lako au basi langu?"

"Leo naenda nyumbani peke yangu. Mama ananisubiri anisomee mashtaka. Lakini kesho ni Ijumaa. Anapika samaki. Uje."

Radek alifumbua macho. "Mama yako hanitaki."

"Hakutaki kabisa."

"Kasema nini?"

"Kasema nisije na wewe."

"Halafu?"

"Halafu mimi nitakuwa nyumbani tayari. Utakuja mwenyewe, saa kumi na mbili jioni, ugonge mlango wa mbele." Aliirekebisha kola ya shati lake, mbele ya yule mwanamke wa ghorofani na mbele ya mji mzima. "Na usivae tai. Atadhani umekuja kuomba radhi."